Mwalimu wa Matobolwa

Kutoka dukani kwangu pale Bariadi mjini hadi sokoni ni mwendo wa dakika tano kwa mtu yeyote mwenye miguu yake miwili. Mwalimu alitumia asubuhi nzima. Si kwamba alikuwa mgonjwa, wala mzee sana. Wakati ule bado aliweza kubeba ndoo ya maji kichwani huku akiongea bila kupumzika. Alikuwa anasimama tu. Anasimama kwa muuza karanga, anatafuna mbili, anauliza zimetoka kijiji gani na mvua huko ilinyesha lini. Anasimama kwa mama wa mboga, ananusa fungu moja baada ya jingine, analirudisha. Saa sita utamwona anarejea na nyanya tatu kwenye kikapu, uso umejaa raha kama aliyetoka harusini. Mtaani kwetu mtu akitaka kusema kwamba jambo fulani litachelewa, alisema litakuja na Mwalimu.

Sote tulimwita hivyo, hata ambao hakuwafundisha, hata walimu wenzake. Alikuwa amestaafu kufundisha wasichana upishi na mambo ya nyumbani, somo lililoitwa sayansi kimu. Alizaliwa wapi na nani siwezi kuwaambia, maana hakuwa mtu wa kuhesabu ukoo. Ukimuuliza kwao ni wapi, yeye atakuuliza jana ulikula nini. Nyumba yake ilitazamana na duka langu, na kwa miaka kama kumi na miwili sikufungua mlango asubuhi bila kusikia sauti yake ng'ambo ya barabara ikinihimiza nifagie vizuri.

Mimi ni mtoto wa watu wa Tabora, na Bariadi nilikuja kutafuta maisha wakati biashara ilipoachiwa huru. Waliokuwepo wanakumbuka. Kabla yake sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari ya kunong'onezana, na aliyekuwa na kreti moja ya soda alisalimiwa mara mbili. Halafu mambo yakafunguka. Yakaja malori, zikaja chupa za chai zenye maua, mitumba, redio za kaseti, na wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na mizani yake. Mkulima aliyekwisha kuuza pamba alikuwa anaingia dukani kwangu na baiskeli mpya, kidevu juu, anaashiria rafuni kwa kidole bila kuuliza bei. Nilimpenda mtu huyo kwa moyo wangu wote. Mwalimu naye alimpenda, ila alikuwa anamwangalia anachobeba, kisha anatikisa kichwa.

Kila mwaka mwezi wa saba, upepo wa baridi ukianza kuvuma na vumbi lake, Mwalimu alifunga safari ya siku saba kwa miguu. Alitoka Bariadi, akapita Migato, akaenda hadi Sola, akamalizia Shishiyu, akilala kwa watu wa kanisani au kwa wanawake waliowahi kuwa wanafunzi wake. Basi lilikuwepo. Alisema basi linampitisha mtu mbele ya majiko ya watu bila kusikia harufu hata moja. Alikwenda kwa ajili ya kula, na hilo ndilo lililowaacha watu midomo wazi: mtu mzima, mwenye pensheni yake, anatembea wiki nzima kwenda kula vitu ambavyo kila mtu anavyo nyumbani.

Lakini kwake havikuwa vile vile. Alijua nyuma ya kilima gani cha mawe wanalima mtama mwekundu na wapi wameuacha. Alijua nyumba inayotia karanga kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na mama anayegandisha maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi mpaka mtindi unakuwa na ladha ya jikoni. Kwenye kikapu alibeba mbegu. Kijiji hiki anapewa kiganja cha ulezi, kijiji cha pili anaacha nusu na kuondoka na kunde, na jioni anasimulia nani kampa nani nini, kama mpeleka posa.

Mimi niliingia kwenye safari hizo kwa sababu ya mbwa. Mwalimu hakuogopa nyoka, hakuogopa mkaguzi wa shule, aliwahi kumfukuza fisi kwa sufuria. Mbwa je? Hata yule wa kulala juani asiye na meno alimfanya ajifiche nyuma ya mtu. Mwaka mmoja akavuka barabara, akaegemea kaunta yangu, akaniambia nifunge duka wiki moja nimsindikize na baiskeli, mizigo nyuma, mimi mbele. Nilicheka. Mke wangu, ambaye ni Msukuma wa Shishiyu, akasema nenda, utajua wateja wako wanakaa wapi. Nikaenda, nikasema ni mara moja tu. Nilikwenda miaka sita.

Kutembea na Mwalimu kulitaka moyo. Mimi ni mtu wa haraka. Hata uji naunywa nimesimama. Saa tatu asubuhi nilikuwa namuuliza, "Mwalimu, tumefika wapi?" Naye anajibu, "Tumefika hapa." Saa saba namuuliza tena, jibu ni lile lile. Tukikaribia mji wa watu, hatua hamsini hivi, ananyosha mkono tunyamaze, anavuta hewa puani. "Wanakaanga karanga," anasema. "Na aliyeshika mwiko anaongea na mtu, kaziunguza." Tunafika, tunakuta kweli. Halafu ndipo mbwa anabweka, na profesa wangu wa harufu anarukia nyuma ya baiskeli. "Mkwilima, tangulia!"

Mkwilima ni shemeji kwa Kisukuma. Kwa kuwa nimeoa kwao, njia nzima niliitwa hivyo, na kwa jina hilo nilikula kuliko nilivyostahili.

Salamu nazo alizipa muda wake. Mwenye nyumba anapiga goti, "Mwadila, mayu," yaani salamu, mama. Naye, "Mwadila." "Mhola?" "Mhola duhu." Zinafuata habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, za mguu uliokuwa unauma mwaka jana. Mimi nikifungua mdomo kuuliza jambo, alikuwa ananibana kwa kiwiko. "Kaa chini kwanza," alisema. Aliamini mgeni hajafika mpaka mwenye nyumba asahau kwamba yupo, aendelee na kazi zake, achambue mboga zake, amkaripie mtoto wake. Hapo ndipo anasogeza kigoda karibu na moto na kuomba mwiko.

Sasa niseme jambo ambalo Bariadi nzima ililijua na hakuna aliyethubutu kumwambia: Mwalimu hakujua kupika. Ugali wake ulikuwa na madonge makubwa ya kutosha kumtegulia mtu taya, kwa sababu katikati ya kusonga alikumbuka hadithi. Shuleni alikuwa amefundisha keki, sosi nyeupe, na namna ya kupanga visu na uma. Miaka ya uhaba, unga wa ngano ukiwa hauonekani wala mayai, alifundisha keki kwa kuichora ubaoni. Wasichana walinakili, wakafanya mtihani, wakafaulu, na wengine mpaka leo hawajui keki ina ladha gani. Jambo hilo lilimuuma. "Nilifundisha picha," aliniambia siku moja, bila kucheka. "Mama zao walikuwa wanajua vitu vya kweli, na mimi sikuwahi kumwita hata mmoja asimame mbele ya darasa."

Nyumbani kwake mjini aliishi kwa chai na mkate. Mkate wa dukani kwangu, na siagi ya kopo, vilevile ya dukani kwangu. Nilimtania, "Mwalimu, wewe unayetembea wiki nzima kuwasifu watu wa vijijini, mbona kwako ni mkate mtupu?" Alinijibu kwamba chakula kizuri hakiliwi peke yako, kisha akaomba nimkatie nusu nyingine.

Lakini kilichomkaa rohoni kuliko vyote ni matobolwa. Wasukuma wakivuna viazi vitamu huvihifadhi kwa njia mbili. Kuna michembe, inayokatwa mibichi na kuanikwa. Na kuna matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza, yakakatwa vipande, yakaanikwa juu ya mawe makubwa mpaka yakauke na kuwa magumu, yenye rangi ya asali na utamu uliojificha ndani. Unatafuna polepole na karanga, au unalowanisha kwa mtindi. Mwezi wa saba mawe yote ya nchi ile yamejaa viazi. Na kila nyumba tuliyoingia, mgeni hakupewa hata kipande.

Alipewa wali. Wali, kuku, soda, na biskuti kwenye sahani. Halafu mama mwenye nyumba anapiga goti, anainamisha kichwa, anasema, "Mtatusamehe, hatukujiandaa." Matobolwa yalikuwa chakula cha kila siku, yaani chakula cha njaa, na kumpa mgeni wa heshima chakula cha njaa ni kujitangazia ufukara. Mwalimu aliniambia waziwazi katika safari yetu ya kwanza, tumekaa juu ya jiwe, viatu tumevua: "Kabla sijafa nataka nikae katika nyumba moja tu, moja, mgeni wa heshima aletewe matobolwa, na mwenye nyumba asiseme 'mtatusamehe.' Basi. Sina ombi jingine."

Nilimwambia hataiona. Mimi ndiye niliyewauzia soda, nilikuwa najua.

Alihangaika kwa kila mbinu. Kwanza alituma salamu kabla ya safari, zitangazwe makanisani baada ya ibada: Mwalimu anakuja, anaomba msihangaike, tutakula mnachokula nyinyi. Kosa hilo angeweza kulifanya tu mtu aliyekaa ubaoni muda mrefu. Nani asiyejua kwamba kila mgeni mwenye adabu husema msihangaike? Waliposikia ameomba rasmi, tena kanisani, walielewa kwamba ugeni ni mkubwa. Mwaka huo kuku wa Migato walikwisha. Kuna nyumba walimwazima jirani meza, na nyumba nyingine walipaka ukuta chokaa mpya. Nilirudi Bariadi na shati jeupe mgongoni kwa chokaa.

Mwaka uliofuata akaamua tuende bila taarifa, tuwakute walivyo. Tukawakuta walivyo. Tulifika nyumba moja saa nne asubuhi, sufuria ya michembe iko motoni, inatokota, harufu imejaa uwanja mzima. Tulivyoketi tu, sufuria ikatoweka. Mtu akapanda baiskeli kwenda kutafuta mafuta ya kupikia, mwingine akakimbizana na jogoo. Tulikula saa kumi jioni. Mwalimu alikaa saa sita nzima anatazama jiko kilikotolewa chakula alichotembea kilomita ishirini kukifuata, na tulipoletewa wali akaambiwa, "Mtatusamehe, hatukujiandaa." Na safari hiyo ilikuwa kweli.

Mwaka wa nne nikatubu. Tulikuwa njiani kati ya Migato na Sola, jua la asubuhi, mtu yuko na furaha zake, nikaona nisimfiche tena. Nikamwambia kwamba kila mwaka, isipokuwa ule tuliowashtukiza, wiki moja kabla ya safari, waume wa zile nyumba walikuwa wanakuja dukani kwangu kwa baiskeli kuchukua soda, biskuti na mafuta kwa ajili ya ugeni wa Mwalimu. Kwamba niliongeza mzigo makusudi mwezi wa saba. Na kwamba tulipokuwa tunakunywa zile soda kwa kusikitika pamoja, mimi nilikuwa nimezitambua chupa zangu.

  Tulitembea kama kilomita mbili nasikia mnyororo wa baiskeli tu. Nilikuwa natafuta neno la kumwomba radhi nikalikosa, nikajiona mdogo kama punje. Kisha kwenye kona akatokea mbwa, mkubwa kweli safari hii, na Mwalimu akajikuta ameshika shati langu. "Tangulia," akasema, "msaliti wewe." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mbwa mwenyewe akaondoka.

Mwaka huo hatukuwa wawili tu. Nyuma yetu hatua kadhaa walitembea mzee mmoja Mwitaliano na mkewe, waliokuja na mradi wa visima, watu wa makamo, wembamba, wenye kofia. Walikuwa wamesikia habari za safari za Mwalimu wakaomba kuungana nasi. Kwa mwendo walimfaa. Kumbe kwao huko milimani nao hutembea kijiji kwa kijiji kwa ajili ya kuonja jibini ya huyu na divai ya yule. Yule mzee alisema Kiswahili cha kuchagua maneno moja moja, lakini alikisema bila woga. Siku ya pili Mwalimu alimweleza ombi lake la matobolwa. Mzee akasimama katikati ya njia.

"Kwetu kuna mti mlimani," akasema. "Tunda lake wanakausha kwa moshi, wanasaga unga. Wakati wa vita bibi yangu alipika unga huo kila siku, kila siku. Vita vikaisha, mama yangu akasema: basi, nyumba yangu haingii unga huo tena. Sasa watu wa mjini wanakuja na magari kuutafuta. Wanasema ni mtamu sana."

"Na mama yako?" Mwalimu akauliza. "Alirudi kuupika?"

"Hapana. Alikufa hajaupika."

Mwalimu hakupenda jibu hilo. Alitembea mbele yetu kidogo, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya.

Sola tulipokelewa na mama mmoja ambaye Mwalimu alimfundisha zamani, mmoja wa wale waliofaulu keki ya ubaoni. Mwanamke hodari, mwenye kicheko, aliyekuwa na shamba la pamba na jembe la ng'ombe. Uwanjani kwake kulikuwa na jiwe pana limejaa matobolwa. Tulipotokeza tu, likafunikwa mkeka. Ukaletwa wali, akaletwa kuku, zikaja soda, na mimi nikatazama pembeni. Tulipokwisha kunawa, mzee Mwitaliano akaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Hakurudi. Mkewe akaenda kumtafuta, naye hakurudi. Mwishowe tukaenda sote, tukawakuta nyuma ya nyumba, wamekaa chini mavumbini na watoto wanne kuzunguka sinia la matobolwa na bakuli la mtindi, wanatafuna, mzee ndevu zimejaa maziwa, watoto wanamfundisha kulowanisha.

Mimi nilicheka. Mama wa Sola hakucheka. Uso ulimshuka, akaanza kuwakaripia watoto, na machozi yakamtoka papo hapo. Mwalimu, ambaye kwa kweli alikuwa na furaha isiyofichika, akamshika bega. "Mwanangu, unaona? Wageni wanayapenda. Kwa nini mnayaonea aibu? Miaka yote hii nakwambia."

Yule mama akautoa ule mkono begani kwa upole. "Mwalimu," akasema, "wewe unapita. Mimi mwaka ule wa njaa nililisha watoto hayo asubuhi na jioni, miezi, mpaka mwanangu mdogo akawa analia akiona sinia. Nikaapa nikipata pamba nzuri, mgeni wangu atakula wali. Nimepata. Na wewe unakuja kila mwaka kunikumbusha. Ungekuwa wewe ndiye mwenye nyumba ungefanyaje?"

  Mwalimu akaweka kikapu chini. Halafu akapiga goti mbele ya mwanafunzi wake, yeye mtu wa umri ule, kwenye mavumbi, akasema, "Wabeja, ng'wanone." Ahsante, mwanangu.  Tukarudi uwanjani tukamaliza soda zetu, na usiniulize kwa nini, ila soda ile ilikuwa tamu.

Baada ya hapo safari ziliendelea, mara mbili nyingine, lakini Mwalimu alipunguza mahubiri. Alikula wali aliopewa, alisifu kuku, aliingia jikoni akasikiliza. Hakuomba kitu. Lile ombi lake halikufa. Nililiona kila mara sahani ilipotua, jinsi alivyosogea mbele kidogo kwenye kigoda kutazama kilichomo, kisha akarudi nyuma na kushukuru. Wanawake walianza kumpa matobolwa ya kuondoka nayo, kwenye mfuko, mlangoni, wakinong'ona. Alipokea. Alisema mlangoni si sinia, lakini ni karibu na sinia.

Kisha mimi nikahamia Mwanza kwa ajili ya duka kubwa zaidi, watoto wakakua, mambo yakawa mengi. Nilisikia kwamba Mwalimu amehama mjini, amejenga nyumba ndogo Shishiyu, anaishi na mke wa mjukuu wake. Nilisema nitakwenda. Nilisema hivyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilikwenda siku tulipompeleka mke wangu kuwaona wazazi wake. Niliwaacha ukweni, nikachukua gari peke yangu, nikiwa na sukari, sabuni na kitenge cha Mwalimu. Ilikuwa saa nne hivi. Nilimkuta amekaa kivulini ukutani, amekonda, fimbo mapajani, nywele zote nyeupe. Hakunitambua mpaka niliposema, "Mwalimu, tumefika wapi?" Akapiga ukelele. Alinishika uso kwa mikono miwili kama anapima papai, akaniambia nimenenepa, nimezeeka, nimekuwa mtu mkubwa mwenye gari, na kwamba ni aibu kwa miaka yote hiyo. Nilisema ni kweli. Tukacheka, tukafuta macho, tukaanza tena.

Halafu nikamwona anabadilika. Macho yalikwenda kwenye gari, yakarudi kwenye viatu vyangu, yakaenda jikoni. Akamwita mke wa mjukuu, msichana mtulivu aliyekuwa anapepeta karanga, akamvuta karibu. Mwalimu alidhani ananong'ona, lakini masikio yake yalikuwa yamepungua na sauti haikupungua. "Kimbia dukani," akasema. "Mchele kilo mbili. Na mafuta. Na soda, usisahau soda, ya baridi kama ipo. Na yale pale yafunike."

Nikatazama alikoashiria. Juu ya jiwe, hatua kumi kutoka pale kivulini, vipande vya rangi ya asali vilikuwa vinakauka juani. Msichana akachukua kanga akaenda kuvifunika.

"Mwalimu," nikasema.

"Nyamaza. Umetoka mbali."

"Mwalimu, mimi?"

Alinitazama. Mdomo ukawa wazi kidogo, nikaona jambo linamfikia polepole, kama kila kitu kilivyomfikia maishani. Aliuweka mkono kifuani. "Ee Mungu wangu," akasema. "Miaka yote ile mimi nilikuwa mgeni. Sikuwahi kupokea mtu hata mara moja, baba. Nilikuwa naingia kwenye nyumba za watu nawasahihishia mtihani ambao mimi mwenyewe sijaufanya." Akageuka kulitazama jiwe. "Unajua inavyokuwa? Nilipoona gari moyo ulishtuka. Nikajiona sina kitu. Nikasema ataondoka aseme Mwalimu siku hizi anakula viazi vikavu."

Nilitaka kusema neno la kumfariji, lakini kwa mara ya kwanza maishani niliona heri nisifanye haraka. Nikakaa chini.

Msichana alikuwa ameshafika njiani na mfuko wake. Mwalimu akanyanyua fimbo, akaita kwa sauti ile iliyokuwa inavuka barabara Bariadi: "Rudi! Usiende! Leta sinia. Leta na maziwa."

Akaleta. Vipande vilikuwa bado na joto la jua, karanga pembeni, mtindi mzito kwenye bakuli la bati. Msichana akaninawisha mikono, akapiga goti, akajitenga. Mwalimu akasogea mbele kwenye kigoda, akashika ukingo wa sinia, akalisukuma kwangu. Midomo yake ikaanza, "Utatusa..."

Nikainua macho.

Akauziba mdomo kwa kiganja. Alikaa hivyo hivyo, mkono umebana, mabega yanatikisika kwa kicheko, machozi yakipita juu ya vidole, wakati mimi nalowanisha kipande cha kwanza, cha pili, na cha tatu, bila haraka. Kiliponiisha mdomoni cha tatu, akautoa mkono, akavuta pumzi ndefu.

"Ongeza mtindi," akasema.